Simu ni ya Mama

Siku ya kwanza niliwauliza watoto swali nililodhani ni jepesi: ni nani ambaye nyumbani kwao kuna kompyuta? Walikuwa watoto 23 wa darasa la pili, wamekaa chini kwenye mkeka kwa kuwa madawati ya chumba kile yalikuwa yamehamishiwa kwenye mtihani wa darasa la saba, na hakuna hata mkono mmoja ulionyanyuka. Nikauliza kama nyumbani kwao kuna simu janja. Mikono ikawa mingi, wengine wakinyanyua yote miwili. Ndipo, kwa kutaka tu kujua, nikauliza ni nani anayeijua namba ya siri ya mama yake. Walinyanyua karibu wote, na binti mmoja aliyekaa mbele, ambaye anaamini kwamba swali la mwalimu likishaulizwa ni la kujibiwa kwa sauti, akaanza kuitaja: nane, nne… Nikamkatiza kwa kupiga makofi, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na kipindi hicho cha Jumatano mchana hakikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Nilikianzisha baada ya kupewa kishikwambi, kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 na kisha vikagawiwa walimu, na baada ya kugundua kwamba kwenye stoo yetu kulikuwa na kompyuta tano za mezani zilizotolewa na wahisani miaka mingi nyuma, mbili kati yake zikiwa bado zinawaka. Nilijiona nimebahatika. Nilidhani nina kila kitu kinachohitajika, na kwamba kilichobaki ni kuwafundisha watoto vitu hivyo vinaitwaje.

Muhula mzima wa kwanza nilifundisha majina. Hiki ni kipanya, hiki ni kibodi, hiki ni kioo, na watoto waliitikia kwa pamoja kama wanaosoma alifu kwa kijiti. Waliokosa nafasi ya kukaa karibu walichora kipanya kwenye daftari kwa kukitazama ubaoni nilipokichora mimi, na mmoja akakiongezea masikio na ndevu, nami nikamsahihisha kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo hadi leo linanitia haya, kwa kuwa yeye alikuwa ameelewa jina lile vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nawafundisha viungo vya mnyama ambaye hawajamwona akitembea. Mtoto anaweza kuyajua majina yote ya sehemu za baiskeli na asijue kwamba mtu huipanda akaenda nayo sokoni.

Kilichonitoa huko ni bao.

Jirani yetu ana baraza ambayo wazee hukutana kila alasiri, na bao lao ni la mninga, limekolea rangi kwa jasho la mikono, na kete zake ni komwe za kijivu. Nilikuwa nimesimama pale nikisubiri mvua ipungue, nikamwona mjukuu wa mmoja wao, mtoto asiyezidi miaka saba, akimfundisha mwenzake. Alisema hivi, na nilirudi nyumbani nikaandika: «Okota zote. Tia moja moja. Ya mwisho ikiangukia penye kete, okota tena zote, endelea. Ikiangukia patupu, umelala.» Nilisimama nikasahau mvua. Mtoto yule alikuwa ameeleza, kwa pumzi moja na bila kusita, kazi inayorudiwa, sharti la kuendelea, na sharti la kusimama, mambo matatu ambayo mimi nililazimika kufika chuoni ndipo nikayasikia, tena kwa Kiingereza, na hata hivyo nikayakariri bila kuyaelewa.

Jumatano iliyofuata kompyuta zilibaki stoo. Tulichimba mashimo uani, mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kwa kuwa kupata komwe 64 si kazi ndogo tulitumia kokoto. Mambo ya kula, ya nyumba, na ya zile kete 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi niliyaacha, maana bao kamili ni elimu ya miaka. Nilichukua kutakata peke yake, kule kuzungusha kete bila kula. Kazi ya watoto ilikuwa moja: kabla ya kugusa kokoto, kila mmoja aseme anaamini atalala kwenye shimo lipi, kisha afanye, kisha aeleze kwa nini imekuwa au haijawa. Wengi walikosea kwa shimo moja, nao ni wale waliohesabu shimo walilookotea kuwa ndilo la kwanza kutiwa. Watu wazima wanaoandika programu kwa mshahara hukosea kwa moja vivyo hivyo, kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha kijana mmoja akauliza: «Mwalimu, na kama hailali?»

Nilimtazama. Alikuwa hajauliza kwa utani. Alitaka kujua kama inawezekana kokoto zikapangwa kwa namna ambayo mtu ataokota na kutia, ataokota na kutia, mpaka jua lizame na asifike penye shimo tupu. Nikamwambia ndiyo, jambo kama hilo lipo, na kwenye kompyuta likitokea mashine hukwama, ile hali wanayoiona kwa simu ya mama inapoganda na mama akaanza kuipiga piga mgongoni. Darasa zima likacheka kwa kumtambua mama. Lakini kijana yule hakuridhika, akaendelea na kokoto zake peke yake hadi kengele ilipolia, na viatu vyake vilivyojaa vumbi ndivyo vilivyoniambia kwamba sasa kipindi kimeanza.

Niliporudi kusoma kuhusu jambo hili nilikuta kwamba si mimi niliyegundua njia ya kuacha mashine stoo. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walianza tangu miaka ya 1990 kukusanya michezo ya kufundishia sayansi ya kompyuta kwa karatasi, kamba na watoto wenyewe, na kadi zao za namba zimezunguka dunia. Kabla yao alikuwapo Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, akafanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtafiti wa namna watoto wanavyofikiri, kisha akaenda Marekani, ambako mwaka 1967 yeye pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya Logo kwa ajili ya watoto. Miaka michache baadaye Logo ikapewa kobe, mashine ndogo iliyotambaa sakafuni ikifuata amri za mtoto: mbele hatua kadhaa, geuka kulia, mbele tena. Alichokiona Papert ni kwamba mtoto anayemwongoza kobe hufikiri kwa mwili wake mwenyewe. Akishindwa kujua kobe ageukie wapi, husimama yeye akageuka.

Sisi hatuna kobe wa mashine, lakini tuna Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba: ya tano, ya sita, ya saba, na kuendelea. Mtaa uliopangwa hivyo ni daftari la hesabu lenye maduka. Tulichora barabara hizo uani kwa majivu, mtoto mmoja akawa kobe na mwenzake akawa mwenye kuamrisha, na kazi ikawa kumfikisha kobe dukani barabara ya tisa na kumrudisha nyumbani bila kukanyaga shimo. Yaliyonishangaza yalikuwa mawili. La kwanza ni kulia na kushoto: anayeamrisha akiwa ametazamana na kobe, kulia kwake ni kushoto kwa kobe, na ugomvi uliozuka pale ulichukua nusu ya kipindi mpaka binti mmoja akaamua kumfuata kobe kwa nyuma na kugeuka kila kobe anapogeuka. La pili ni hatua. Kobe wa kwanza alikuwa mtoto mfupi kuliko wote, na amri ya «mbele hatua sita» iliyomfikisha yeye pazuri ilimtumbukiza kobe wa pili, kijana mrefu, kwenye shimo. «Hatua ya nani?» wakaulizana. Tukakata fimbo ya mti wa mwarobaini, tukakubaliana kwamba hatua ni fimbo hiyo na si mguu wa mtu.

Nitapita haraka kwenye visoda, kwa sababu mwalimu yeyote anaweza kuvitumia bila maelezo yangu. Vifuniko vitano vya soda vinapangwa mstari, cha kulia kabisa kina thamani ya 1, kinachofuata 2, kisha 4, 8 na 16. Kifuniko kilicholala chali kinahesabiwa, kilichofudikizwa hakihesabiwi. Kwa vifuniko hivyo vitano mtoto anaandika namba yoyote kuanzia 0 hadi 31, na kwa hiyo anaweza kuandika tarehe yake ya kuzaliwa kwa siri akamwachia rafiki yake kibarazani. Aliyezaliwa tarehe 19 analaza chali 16, 2 na 1. Mashine nayo huandika hivyo hivyo, kwa kuwaka na kuzima, na watoto hulikubali jambo hilo kwa urahisi ambao wakubwa hawana.

Ungo wa mchele, hata hivyo, unastahili maelezo kidogo. Niliomba mtoto mmoja aje na mchele kiganja kimoja, ule wa kupimwa sokoni ambao bado una mawe na chuya, tukauweka kwenye ungo na nikawaambia kwamba mimi ni mashine isiyojua mchele ni nini. Waniambie la kufanya kwa kila punje nitakayoishika. Amri ya kwanza ilikuwa «Kama si mchele, tupa.» Nikatupa mawe, nikatupa chuya, na nikatupa punje zilizovunjika kwa kuwa hazikufanana na ile niliyoonyeshwa. Wakapiga kelele. Bibi wa mmoja huwa anazirudisha chuya kwenye kinu, bibi wa mwingine huwapa kuku, na chenga hakuna mtu mwenye akili anayezitupa kwa sababu ndizo za vitumbua. Wakaanza kurekebisha: kama ni jiwe, tupa, kama ni chuya, weka pembeni, kama imevunjika, weka kwenye kikombe, vinginevyo, iache. Ilichukua amri saba kufika pale, na katikati yake nilikula punje moja mbichi kwa sababu kuna mtu alisema «weka» bila kusema wapi.

Swali nililowauliza baada ya hapo ndilo ambalo tangu siku hiyo siliruki: ni nani aliyeamua kwamba chuya zitupwe? Walinyoosha vidole kwangu, maana mkono uliotupa ulikuwa wangu. Nikawakumbusha kwamba mimi ni mashine. Kimya kikapita, kisha vidole vikageuka taratibu kuelekea kwa kijana aliyetoa amri ya kwanza, naye akajificha uso kwa daftari. Hilo tu ndilo ninalotaka mtoto wa miaka saba aondoke nalo. Simu inapomwonyesha katuni nyingine baada ya ile aliyoomba, na nyingine, na nyingine, kuna mtu mahali fulani aliyeiambia ifanye hivyo, na mtu huyo alikuwa na sababu yake, ambayo huenda si faida ya mtoto. Mtoto asiyejua kwamba mashine huamrishwa atadhani simu inampenda.

Hapa ndipo nilipoacha kutenganisha somo la kompyuta na lile linaloitwa uraia wa kidijitali. Jina lenyewe lina matatizo yake; nilipolitaja darasani, mtoto aliuliza kama ni kitambulisho cha NIDA. Majirani zetu wa Kenya, walioanza kupeleka vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, wameweka kwenye mtaala wao wa umilisi mambo saba ya msingi, na uraia ni moja, ujuzi wa kidijitali ni jingine. Sina ugomvi na orodha ile. Ila ninavyoliona darasa langu, mtoto akishaelewa swali la nani aliamrisha, uraia umeshaanza kabla mwalimu hajaandika kichwa cha somo.

Ugomvi wangu ni na vitabu na mabango yanayotufikia kutoka nchi ambazo kila mtoto ana kifaa chake. Humo mtoto anaambiwa: linda akaunti yako, usimpe mtu nywila yako, weka muda wako wa kutazama skrini. Yako, yako, yako. Watoto wangu 23 hawana chao. Simu ni ya mama. Usiku ni ya kaka anayetazama mpira. Baba akija na bando ni ya nyumba nzima. Mtoto haingii mtandaoni kwa jina lake, anaingia akiwa amevaa jina la mama, picha ya mama, na watu wote wanaomfahamu mama. Akituma sauti kwenye kundi la vikoba kwa bahati mbaya, ni mama aliyetuma. Kumfundisha mtoto huyu kulinda kilicho chake ni kumfundisha kuendesha gari ambalo hana, wakati gari la mwenzake analiendesha kila jioni.

Kwa hiyo nilikwenda kuchukua somo ambalo tayari limo katika nyumba zetu, nalo ni hodi. Mtoto wa hapa anajua tangu anapoanza kutembea kwamba mlangoni kwa watu mtu hubisha hodi, akisikia karibu huingia, na akibisha mara tatu bila kujibiwa hurudi alikotoka. Hajaambiwa kwamba simu ina mlango. Tulifanya mchezo: simu ya mbao mikononi mwa «mama», na mtoto anabisha hodi kabla ya kuifungua, anabisha hodi kabla ya kupiga picha ya mtu, anabisha hodi kabla ya kutuma picha hiyo kwa mwingine. Ujumbe ukiingia wakati anacheza gemu, ujumbe ule ni mgeni wa mama. Anaitwa mama, hafunguliwi mlango na mtoto. Sikuhitaji kueleza faragha ni nini, na sina hakika kama ningeweza.

Kuna ujumbe mmoja ambao sidhani kama kuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuupata: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Hautaji jina la anayeandikiwa, wala hausemi hela gani, kwa sababu umetumwa kwa maelfu, na anayeutuma anasubiri mmoja tu ambaye siku hiyo kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Ni mtego uliotegwa kwa kuhesabu, na nilipowaeleza watoto kwamba kuna mtu ameiambia mashine «rudia kwa kila namba» walielewa haraka, kwa maana wanayajua marudio. Lakini zingatia ni nani anayeusoma ujumbe huo nyumbani. Bibi hana miwani. Anamwita mjukuu wa darasa la pili, mjukuu anasoma kwa kuburuta silabi, na bibi anasikia sauti anayoiamini ikimwambia atume hela. Mtoto wa miaka minane ndiye mlinzi wa geti wa nyumba ile na hakuna aliyemwambia. Tulikubaliana hatua tatu, tena tukazifanyia mazoezi kwa bibi wa kuigiza aliyejifunga khanga: soma ujumbe wote, usibonyeze kitu, kisha mpigie kwa sauti yule mtu ambaye bibi anadhani ndiye, kwa namba ambayo bibi alikuwa nayo zamani na si ile iliyoandika.

Wapo wenzangu wanaoniambia kwamba kazi ya darasa la kwanza na la pili ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba haya mengine yangojee. Wananishinda kwa nusu. Mtoto anayeburuta silabi ataelewaje kwamba ujumbe umekosa jina? Nimeshuhudia kipindi changu kikigeuka kipindi cha kusoma, na sikujuta. Lakini ile nusu nyingine siwaachii, kwa sababu namba ya siri haikungoja. Uingereza ilianza mwaka 2014 kuwafundisha watoto namna ya kuamrisha mashine tangu wakiwa na miaka mitano. Sisi hatujaamua hivyo, ila wakala wa pesa wa mtaani alishaamua kwa niaba yetu anapompokea mtoto mwenye simu ya mama mkononi.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu bila hilo nitaonekana mjuzi.

Siku ya mchezo wa barabara za majivu nilipiga video ya dakika moja hivi, kobe akitumbukia shimoni na watoto wakianguka kwa kicheko, nikaituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp bila kuwaza. Mioyo na vidole gumba vikamiminika. Kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride, mama mmoja alinisubiri mlangoni kwa ofisi. Alinisalimu kwa adabu, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, «Mwalimu, kwenye video mwanangu anaonekana uso na nembo ya shule. Ungebisha hodi.» Hakueleza ana sababu gani ya kutotaka mtoto wake aonekane anasoma wapi, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimekifundisha kitu kile kile wiki mbili nyuma, kwa simu ya mbao.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika fungu la taarifa nyeti, pamoja na zile za vinasaba na za miamala ya fedha. Nchini Kenya, mwaka huo huo wa 2023, ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za huko kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Niliyasoma haya baadaye. Wakati ule nilichokuwa nacho ni aibu tu, na kitufe cha kufuta.

Nilifuta. Kisha nikawauliza watoto: je, video imeondoka? Wengi wakasema ndiyo. Tukarudi uani na kokoto. Mmoja alishika kokoto, akawa ndiye mimi. Alipowapa wenzake wawili, hakutoa yake bali aliokota nyingine mbili, kwa kuwa kwenye simu kutuma ni kutoa nakala na ile ya kwanza inabaki. Hao wawili wakawapa wanne, wanne wakawapa wanane. Binti wa mbele, yule wa nane-nne, akaanza kusema kwa sauti kabla sijauliza: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, ni visoda! Ni visoda vile vile! Na kweli, ila hatukufika kumi na sita, maana baada ya safu ya wanane walikuwa wamebaki wanane tu darasani, tuliishiwa watoto. Nikamwambia aliyekuwa mimi atupe kokoto yake. Akaitupa. Wakatazamana, kila mmoja na kokoto yake mkononi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wazazi wale sikuwaomba radhi kwenye kundi tu. Kwa yule mama nilikwenda nyumbani.

Mwaka huu tumefika kwenye Scratch, ile programu iliyotoka mwaka 2007 katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, ambayo mtoto huunganisha vipande vya amri kama matofali badala ya kuandika, na ambayo kati ya lugha zake kuna Kiswahili. Inakaa ndani ya kompyuta bila kuhitaji intaneti, jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko sifa zake nyingine zote. Watoto hukaa saba kwa mashine moja, mmoja akigusa na sita wakimsuta, na umeme ukikatika hutoka nje bila kuambiwa na kumaliza kazi kwa majivu. Wale wadogo zaidi ningependa niwape ScratchJr, ambayo vipande vyake ni picha tupu bila maneno, lakini kishikwambi ni kimoja na nacho kina kazi za ofisi.

Mama yake binti wa nane-nne hukaanga maandazi jioni mbele ya nyumba yao. Mwezi uliopita alinisimamisha nikipita, uso umejaa moshi. «Mwalimu, mmemfundisha nini huyu? Jana nimemtuma kwa wakala akatoe elfu ishirini za unga, kakataa. Eti namba ya siri si yake. Nimeiacha karai motoni nikaenda mwenyewe, maandazi kumi yameungua.» Nikamwomba radhi, ingawa si kwa moyo wote. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake na kijiti cha kugeuzia, akinitazama aone nitasimama upande wa nani.

Ndiye aliyelitatua. Alisema kwamba namba ya wakala imebandikwa ukutani, na mama anaijua, kwa hiyo mama aibonyeze hapa hapa kwenye karai, aweke kiasi, aweke siri yake mwenyewe, ujumbe ukirudi ndipo yeye aende kuchukua hela tu. Wakala anawajua wote wawili. Mama akageuza maandazi mawili kimya, kisha akauliza: na wakala akiwa hana hela, si nitakuwa nimetuma bure? Binti akafikiri, kijiti kikidondosha mafuta kwenye kandambili zake.

«Basi nikamuulize kwanza,» akasema. «Akiwa nayo, narudi, unabonyeza. Akiwa hana, nakwenda kwa yule wa barabara ya kumi na mbili.»

«Uende mara mbili?»

«Naenda mara mbili,» akasema, na alikuwa ameshaanza kwenda.